Wale Watu wa Nyuma Kwenye Muvi: Nani Anawaambia Wageuke Wapi?

Mpambano wa ngoma Usukumani hauna jaji mwenye kipaza sauti. Hakuna kadi za alama, hakuna kupiga kura kwa SMS. Makundi mawili yanaingia kwenye uwanja mmoja, yanapiga kwa wakati mmoja, hatua chache tu kati yao, halafu watu wanachagua kwa miguu. Upande wenye duara kubwa la watazamaji ndio umeshinda. Ukijikuta umebaki na watoto sita na mbwa, kusanya ngoma zako urudi nyumbani, mwakani utajipanga.

Utaratibu huu ni wa kitambo, toka karne ya 19, enzi za wapinzani wawili walioitwa Ngika na Gumha. Wafuasi wao ndio wakawa vyama viwili vikubwa vya ngoma, Bagika na Bagalu, na mpaka leo mavuno yakiisha, mwezi wa sita hivi na kuendelea, bado wanatafutana. Pale Bujora, Kisesa, nje kidogo ya Mwanza, sikukuu ya Bulabo inawakutanisha kila mwaka. Kila upande unakuja na mbinu zake. Wapo wanaorusha majembe juu na kuyadaka bila kuacha mdundo, hao ni Bagobogobo. Wapo Bayeye, wanaocheza na nyoka. Na ipo dawa ya mvuto, ambayo mwenye nayo hamwambii mtu.

Sasa achana na wachezaji, maana hao wana majina, wanasifiwa mpaka kwenye nyimbo. Angalia watu. Mama aliyebeba mtoto mgongoni amesimama kwenye duara la Bagalu. Kelele zinapanda upande wa pili. Miguu yake haijasogea hata inchi moja, ila shingo imeshafika kwa Bagika. Anarudisha uso. Anageuza tena. Mara ya tatu bega linafuata shingo, ndipo mguu unafuata bega. Uso ulihama zamani, mwili umekuja kumalizia tu.

Halafu chatu anatolewa. Mchezaji anamzungusha nusu duara, na watu wote wa upande ule wanarudi nyuma hatua tatu nne, lakini hakuna hata mmoja anayempa mgongo yule nyoka. Miguu inakwenda nyuma, macho yako mbele, mikono imeshika mabega ya jirani. Unaona kitu cha kawaida sana, hata kukitaja ni kama kumwambia mtu maji yanalowesha.

Kwa kompyuta hicho si kitu cha kawaida. Wenye akili nyingi na hela nyingi zaidi kwenye biashara ya muvi wamehangaika nacho miaka na miaka: umfanyeje mtu asiye na jina, aliye nyuma kabisa ya picha, ajue aende wapi na, muhimu zaidi, aangalie wapi?

ZAMANI WALILETA WATU KWELI

Kabla ya kompyuta jibu lilikuwa rahisi, lete watu. Muvi ya Gandhi ya mwaka 1982, ya director Richard Attenborough, ina tukio la mazishi lililopigwa Delhi tarehe 31 Januari 1981. Walijitokeza watu wapatao 300,000. Laki tatu, bana. Rekodi ya Guinness ikaandikwa pale. Ukiangalia tukio lenyewe kwenye muvi ni kama dakika 2 tu.

Uzuri wa watu kweli ni kwamba hawahitaji kuambiwa waangalie wapi. Jeneza likipita, uso unalifuata. Mtoto akilia, watatu wanageuka. Mmoja anajikuna, mwingine anamtafuta ndugu yake aliyempotea. Director hakupanga hata kimoja kati ya hivyo, na ndivyo vinavyokufanya uamini. Ubaya ni gharama, chakula, vyoo, na ukweli kwamba huwezi kumwambia ekstra aanguke toka ukutani mara kumi na tano.

Kwa hiyo watengeneza muvi wakaanza kuiba. Kwenye Gladiator ya mwaka 2000, uwanja wa Roma ulijengwa kipande tu kule Malta, sehemu za chini, na wakaweka maekstra wa kweli humo. Ngazi za juu zote zilimaliziwa na kompyuta na kampuni ya The Mill ya London. Watu wa huko juu walikuwa ni picha za watu kweli waliorekodiwa kutoka pembe mbalimbali, wanashangilia, wanakaa, wanasimama, kisha zikabandikwa kama kadi. Kwa mbali hushtuki.

Kama ulikulia kwenye kibanda cha gemu, hizi kadi unazifahamu vizuri sana. PlayStation 2, Kahama au Katoro, miambili mechi, nyuma kuna foleni ya watoto wanaosubiri ufungwe. Mpira ukitoka kuelekea jukwaani kamera ikisogea, unawaona mashabiki: bapa kama katuni zilizokatwa kwenye boksi. Kuna kitu kingine cha ajabu. Kamera izunguke vipi, wale mashabiki wote wanaangalia wewe. Si mpira, wewe. Sababu ni ya kiufundi. Picha bapa ikionekana kwa ubavu inakuwa mstari, haina unene, kwa hiyo programu inaamriwa kuzigeuza kadi zote ziikabili kamera muda wote. Goli likifungwa kushoto, uwanja mzima unashangilia huku unamkodolea macho mtoto aliyekaa kwenye benchi Katoro na pedi mkononi.

Linganisha na CCM Kambarage, Shinyanga mjini, enzi Stand United wako ligi kuu. Krosi ikiingia, vichwa vyote vya jukwaa vinakwenda pamoja kama mtama unaopigwa na upepo. Hakuna anayeangalia kamera, isipokuwa yule mmoja mlevi.

NDEGE, POPO NA NYUMBU WETU

Mwaka 1987 Mmarekani mmoja, Craig Reynolds, alitoa kazi iliyobadilisha mchezo. Alikuwa anataka kundi la ndege kwenye kompyuta bila kumchorea kila ndege njia yake. Akampa kila mmoja sheria tatu tu: usimgonge jirani, elekea wanakoelekea majirani, usiachwe na kundi. Hakuna kiongozi, hakuna ramani. Akawasha, na lile kundi likaruka, likapinda, likagawanyika mbele ya nguzo na kuungana tena nyuma yake. Wadudu hao wa kwenye skrini akawaita boidi.

Sheria ya pili ndiyo ya kuishika. Elekea wanakoelekea majirani. Kwa ndege, kuelekea na kwenda ni kitu kimoja. Ndege harudi nyuma. Mdomo ulipo ndipo anapokwenda, basi. Kwa hiyo Reynolds hakuhitaji kushika namba mbili, moja ya mwendo na moja ya uso. Programu inaangalia tu mwili unasogea upande gani, inageuzia pua huko.

Hollywood ikaidaka. Mwaka 1992 Batman Returns ikaja na makundi ya popo na pengwini waliotokana na kazi hiyo hiyo. Na mwaka 1994 ikaja ile ambayo huku kwetu hakuna asiyeijua, The Lion King.

Hapa tupunguze mwendo, maana hii stori ni ya nyumbani. Kundi la waandaaji wake lilikuja Afrika Mashariki kabla ya kuchora, wakatembelea Hell's Gate kule Naivasha, Kenya. Majina wakachukua Kiswahili: Simba, Rafiki, Pumbaa. Na lile tukio la korongo, nyumbu wanaporomoka na Mufasa anakufa, lina nyumbu mamia kwa mamia. Muvi nzima ilichorwa kwa mkono, ila kwa nyumbu mkono ungekufa ganzi. Wakachora nyumbu wachache kwanza, wakawajenga kwenye kompyuta, wakawazidisha, na wakaandika programu ya kumpa kila mmoja njia yake tofauti kidogo na kumzuia asigongane na mwenzake. Kisha wakawapaka rangi ili wafanane na michoro ya mkono. Tukio la dakika 2 na nusu hivi lilikula zaidi ya miaka 2 ya kazi. Simba ana jina, Mufasa ana jina, Scar ana jina. Aliyemuua Mufasa, ukiacha fitina za Scar, hana jina. Ni nyumbu fulani tu.

Na nyumbu wenyewe wapo hapo jirani. Serengeti ina zaidi ya milioni 1, na upande wake wa magharibi inapakana na Pori la Akiba Maswa, mkoa wa Simiyu, ambao sehemu yake kubwa mpaka mwaka 2012 ilikuwa ndani ya Shinyanga. Bibi wa Meatu angeweza kuwaambia wale jamaa bure jinsi kundi linavyogeuka.

Ila tusiwapunje. Walifanikiwa vizuri, na sababu moja kubwa ni kwamba nyumbu anayekimbia ni sawa na ndege. Pua mbele, mwili nyuma. Hakuna nyumbu anayekimbia ubavu ubavu huku anamwangalia Simba.

BINADAMU NI MTIHANI

Chukua sasa sheria za boidi uwape binadamu kwenye ule uwanja wa ngoma. Chatu anatolewa. Kila mtu anatakiwa arudi nyuma. Programu inaona mwili unakwenda kusini, inageuza pua kusini. Watu wote mia mbili kwa mpigo wanampa chatu mgongo, wanatembea hatua nne kama askari kwenye gwaride, wanasimama, wanageuka tena. Kichekesho. Ukiwaacha wasigeuke, ukasogeza mwili tu nyuma huku miguu inaendelea kupiga hatua za mbele, unapata kile ambacho kila aliyecheza gemu amekiona: mtu anateleza kama yuko juu ya sabuni.

Kuna balaa jingine dogo linalochosha kuliko yote. Mtu akisimama, mwendo wake ni sifuri, na sifuri haina upande. Sasa uso uelekee wapi? Jirani akimsukuma kidogo tu kushoto, pua inaruka kushoto. Akisukumwa kulia, inaruka kulia. Matokeo ni umati wa watu wanaotetemeka vichwa kama wameshikwa na umeme. Waandishi wa programu wakaweka viraka: chini ya mwendo fulani usimgeuze kabisa, na hata akigeuka asizidi nyuzi kadhaa kwa sekunde. Na usisahau hesabu ya duara. Mtu anayeangalia nyuzi 350 akitakiwa kuangalia nyuzi 10 inabidi ageuke nyuzi 20 tu. Kompyuta isiyofundishwa inaona kutoka 350 kushuka hadi 10 ni safari ya 340, na jamaa anazunguka mzima mzima kama anacheza bongo fleva peke yake katikati ya msiba.

Reynolds mwenyewe alirudi mwaka 1999 na andiko lingine, safari hii kwa watu wa gemu. Akasema kazi ya kumwongoza mhusika igawanywe mara tatu, na akatoa mfano ambao Msukuma yeyote angeuelewa bila kutafsiriwa: kundi la ng'ombe. Ng'ombe mmoja amepotea. Mkuu wa wachungaji anaamua arudishwe. Mchungaji aliye juu ya farasi anachagua njia ya kupita. Farasi ndiye anayekanyaga ardhi. Kuamua, kuongoza, kukanyaga. Ukivichanganya vitatu hivyo kwenye kapu moja, kila ukigusa kimoja vingine vinaharibika. Ukivitenganisha, unaweza kumbadilisha farasi ukaweka trekta na yule mchungaji hatajali. Wachungaji wetu wanatembea kwa miguu, ila hoja ni ile ile, kichwa chako na nyayo zako si mtu mmoja.

Kilichokuwa kinakosekana ni macho. Boidi hana macho hasa, anapewa tu taarifa kwamba majirani wako hapa na hapa.

JESHI LILILOKIMBIA VITA

Macho yalitoka New Zealand. Peter Jackson alikuwa anaandaa The Lord of the Rings na alihitaji majeshi. Stephen Regelous akamtengenezea programu iliyoitwa Massive. Humo kila askari alipewa jicho lake. Programu inachora picha ndogo ya kile ambacho yule askari mmoja anaweza kukiona kutoka pale aliposimama, upande ule alikogeuzia uso, na yeye anaamua kutokana na hicho tu. Ana sikio pia. Na maamuzi yake si ya ndiyo na hapana. Kuna karibu kiasi, kushoto kidogo, hatari ya wastani. Akishaamua, anachota kitendo kwenye ghala la vitendo vifupi vilivyorekodiwa kwa waigizaji wa kweli: kupiga hatua nyuma ukiwa umeinua ngao, kugeuka nusu, kuanguka. Ndiyo maana kwenye The Two Towers ya mwaka 2002, lile jeshi la elfu 10 nje ya ngome usiku wa mvua, kila ukisimamisha picha unakuta mtu anafanya jambo lake.

Sasa stori tamu. Kwenye majaribio ya mwanzo, maelfu ya askari waliwekwa uwanjani, vita ikawashwa, na baadhi yao wakaonekana kwa mbali wanakimbia kutoka vitani. Stori ikasambaa dunia nzima kwamba kompyuta imepata akili, imeona huu ni upuuzi, imeamua kuokoa roho yake. Watu bado wanaisimulia mpaka leo.

Regelous aliikanusha. Hao askari hawakuwa na hofu, hakuna aliyewawekea hofu. Walikuwa wameelekea upande ambao adui hayupo. Jicho haliioni vita, kwa hiyo wakaendelea kukimbia mbele kuitafuta. Waoga wa dunia nzima, kumbe walikuwa ni watu wenye hamu ya kupigana waliokosewa mwelekeo wa uso tu. Ingekuwa ni watu wa kweli, jina lingeshachafuka ukoo mzima.

Mwaka 2004 Regelous alipewa tuzo ya kiufundi ya akademi ile ile ya Oscar. Reynolds alishapata ya kwake mwaka 1998.

PALE AMBAPO SI MUVI TENA

Kuna tawi jingine la hesabu hizi ambalo halina mazulia mekundu. Mwaka 2000 Dirk Helbing na wenzake wawili, Illés Farkas na Tamás Vicsek, walichapisha kwenye jarida la Nature kazi kuhusu watu wanaokimbilia mlango. Watu wao walikuwa ni viduara tu, vinasukumana. Walichokiona ni kwamba viduara vikiongeza haraka ya kutoka kupita kiwango fulani, vinatoka taratibu zaidi, kwa sababu vinajifunga mlangoni kama mawe kwenye shingo ya chupa.

Tanzania inajua maana ya hilo bila kompyuta. Tarehe 1 Februari 2020, Moshi, kwenye uwanja wa Majengo, watu walikimbilia kupita kwenye mlango mmoja ili wakanyage mafuta ya upako. Wakafa 20. Tarehe 21 Machi 2021, Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, watu walikuja kumuaga Rais Magufuli. Polisi walitangaza vifo 45.

Ukizisoma habari za mikanyagano ya namna hiyo, watu husema umati ulichanganyikiwa, kama vile umati ni mnyama mmoja mwenye kichwa kimoja. Lakini rudi kwenye jicho la askari wa Regelous. Mtu aliye mstari wa 30 anaona nini? Kisogo. Anaona kisogo cha mstari wa 29, anasikia kelele, anasukumwa na wa 31. Aliyeanguka yuko mbele kule chini, hayumo kwenye picha yake hata kidogo. Anasukuma mbele kwa sababu kwa taarifa alizonazo mbele kunasogea. Hana ukatili wala wazimu, ana kisogo cha mwenzake tu. Kuwaita watu hao wapumbavu, kama walivyoitwa mtandaoni wiki ile na watu waliokaa kwenye makochi, ni kosa lile lile la kuwaita askari wa kompyuta waoga.

Na viduara vina kasoro yake, havina mabega. Binadamu kwa mbele ni mpana, kwa ubavu ni mwembamba, ndiyo maana kwenye uchochoro wa soko la Katoro siku ya mnada unapishana na mtu kwa kugeuza bega. Watafiti wengine wakaweka kila mtu viduara vitatu, kimoja cha kiwiliwili na viwili vya mabega, ili kugeuka kuwe na faida. Mtu aliyebanwa kiasi kwamba hawezi kugeuza bega tena, huyo tayari yuko hatarini hata kama bado anacheka.

TURUDI UWANJANI

Leo kijana wa Kahama mwenye laptopu ya mtumba anaweza kuuweka mpambano wa Bagika na Bagalu kwenye skrini. Blender ni bure. Anaweka madoido mawili yanayopiga kelele, anaweka watazamaji 100, kila mmoja anampa mishale miwili, mmoja wa miguu na mmoja wa uso, na anaamuru wa uso utangulie.

Atakwama pale pale kwa mama aliyebeba mtoto. Ahame lini? Akiwapa wote sheria moja, kwamba kelele za kule zikizidi za huku uhame, wote 100 watahama sekunde moja. Kelele zikibadilika, wote 100 watarudi. Wataishia kuzunguka kati ya maduara mawili kama ng'ombe waliokatazwa maji. Kwenye uwanja wa kweli haiwi hivyo. Kuna mzee aliyekuja na kigoda chake, huyo hahami hata uwanja uwake moto. Kuna kijana anayehama kila akisikia kigelegele. Hata kwenye rashi, ikisikika kwamba kuna duara limetoa dhahabu Nyarugusu, kuna anayeacha sururu chini dakika ile ile, na kuna anayesubiri aone kumi wameondoka kwanza.

Mwanasosholojia Mark Granovetter aliliandika hilo mwaka 1978, kabla ya boidi, kabla ya nyumbu. Kila mtu ana namba yake: ni wangapi wanatakiwa watangulie ndipo na yeye aende. Chukua watu 100. Wa kwanza namba yake ni 0, anaondoka bila kumsubiri mtu. Wa pili ni 1, akimuona yule anafuata. Wa tatu ni 2. Hivyo hivyo mpaka wa mwisho mwenye 99. Mmoja akitikisika, wanahama wote mia. Ngoma imeisha, Bagika wamechukua.

Sasa mtoe mtu mmoja tu, yule mwenye 1, umuweke mwingine mwenye 2. Huyo mama pengine mtoto wake amelala, anataka kwanza aone wawili wamevuka. Wengine 99 ni wale wale, ngoma ni ile ile, kelele ni zile zile.

Yule wa kwanza anavuka uwanja. Anafika kwenye duara la pili, anageuza uso kuangalia alikotoka. Hakuna aliyemfuata.